Saa Arobaini za Kuchomelea

Msichana wa kidato cha tatu alihitaji saa arobaini za kuchomelea vyuma ili aruhusiwe kufanya mtihani wa ufundi. Kwa wiki kumi, katika karakana ya mjomba wake, alisugua kutu, akashikilia mabomba na kuchemsha chai. Siku ya mwisho alimpelekea daftari la mafunzo.

“Mjomba, jaza arobaini.”

“Umechomelea lini, mwanangu? Mimi siandiki uongo.”

“Si wewe ulinikataza kugusa mashine!”

“Nilikukataza, ndiyo. Ungepofuka, mama yako angenitoa roho.”

Akaandika sifuri kwa mwandiko safi, akatia saini na kugonga muhuri.

Shuleni, mwalimu alimsifu fundi kwa ukweli wake, kisha akalifuta jina la msichana kwenye orodha ya watahiniwa.