Damu Safi ya Bishara

Majibu ya damu yalipofika Garsen kutoka maabara ya Mombasa, Kadra aliishika ile karatasi kwa mikono miwili akasubiri furaha imjie. Haikuja. Daktari Nyale alikuwa ameshamwambia kuwa damu ya bintiye ni safi, kisha akakunja uso.

"Mama Bishara, kabla hatujamtoa damu, mtoto alikuwa anakula nini?"

"Maziwa."

"Na nini tena?"

"Maziwa tu, daktari. Miezi mitatu. Baba yake alimpeleka kwa ng'ombe."

Alisema bila haya, maana Waorma, watu wa kufuga ng'ombe, wenye akili zao ndivyo wafanyavyo. Mtoto akikonda hupelekwa malishoni, akanyweshwa maziwa mpaka mashavu yarudi. Bishara, wa miaka minane, alikuwa ameharisha mwaka mzima, na dawa za minyoo alizomeza zingetosha kijiji. Daktari akashuku siliaki, ugonjwa wa tumbo lisilopatana na ngano, akaagiza damu ipimwe. Siku ya kipimo ilikuwa mbali, na Dabaso si baba wa kukaa mikono kifuani. Akamchukua binti yake. Alimrudisha amenona, anakimbia, na wiki hiyo hiyo mtoto akatolewa damu. Kadra alilia kwa furaha.

Sasa daktari alieleza polepole. Kipimo kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili wa mgonjwa huwatoa kila ngano inapoingia. Ngano ikikosekana muda mrefu, askari hao hupungua mpaka wasionekane, na damu huonekana safi hata kama ugonjwa upo.

"Basi tumwache na maziwa yake," Kadra akasema.

"Na shule? Januari anaingia bweni. Kule asubuhi ni mkate, Ijumaa chapati. Bila karatasi ya daktari nani atampikia chakula chake peke yake? Na kama si ngano, ni ugonjwa mwingine, tutaujuaje?"

"Kwa hivyo?" Kadra akauliza.

"Ale chapati kila siku, wiki sita. Halafu tupime tena."

"Ataumwa."

"Huenda. Akizidiwa, mlete siku hiyo hiyo."

Kadra alinunua unga wa ngano pale stendi. Muuza duka akamtania, "Leo una wageni?" Hakumjibu. Nyumbani alikanda, akasukuma, akapaka samli. Mikono iliijua kazi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Hata hasira kwa Dabaso aliitafuta, akaikosa.

Bishara alikuja akinusa mpaka mekoni. "Chapati? Kwani leo Idi?"

"Hapana. Kaa ule."

Mtoto alikula taratibu ili isiishe upesi, akalamba vidole kimoja kimoja.

"Na kesho utapika, mama?"

"Na kesho."

Bishara akacheka, akamkumbatia kiuno. Kadra alingoja mikono ile imwachie, kisha akaenda kufungua sanduku. Akatoa vile vitambaa vya kuharishia, alivyokuwa amevifua na kuvifungia siku mtoto aliporudi mzima, akavipanga kando ya mkeka wa mtoto.