Mikoba Saba ya Waridi

Aliitwa Mama Mkasi, na waliomfahamu walisema nusu ya jina hilo ni ya kazi na nusu ni ya mdomo. Cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa kongwe kiasi kwamba, ukimsikiliza yeye, ilimshonea mwalimu mkuu kaptula ya darasa la kwanza, ikaja kumshonea suti ya kustaafu, na katikati hapo haikubadilishwa hata sindano. Siku akishona kitambaa kizito, majirani walidai vikombe vyao vilihama vyenyewe kabatini.

Maduka yalipoacha kutoa mifuko ya plastiki, mtaa mzima ulijikuta ukitembea na nyanya viganjani kama watu waliotoka kuiba. Mama Mkasi akaona kazi imemfuata mlangoni. Akashona mikoba ya sokoni kwa vipande vilivyobaki kwenye sare za shule. Vipande vikaisha, akahamia kwenye mapazia. Mapazia yakaisha, akaanza kuwatazama wateja nguo walizovaa kwa namna iliyowatia wasiwasi.

Ndipo shemeji yake, mlinzi wa ghala la pembejeo za kilimo, alipomletea magunia matatu matupu ya kitambaa kizito, kilichofumwa kikashikamana.

"Yalikuwa ya mbegu za mahindi," shemeji akasema. "Yanatupwa tu. Nikasema acha nimpelekee shemeji yangu, atayageuza dhahabu."

Dhahabu haikupatikana, ila waridi ilipatikana. Kwa nje magunia yalijaa maandishi meusi ya lugha asiyoijua, lakini alipoyapindua, ndani yalikuwa na rangi ya waridi iliyokolea, ya kupendeza kuliko kitambaa chochote cha dukani. Akayafua mara mbili. Maji yakatoka mekundu, rangi ikabaki palepale.

"Rangi yenye msimamo," akajisifu, akafanya ambacho fundi yeyote mwenye macho angefanya. Akaficha maandishi kwa ndani, akatoa waridi nje. Nani anataka kwenda sokoni amebeba matangazo?

Ikatoka mikoba saba. Kila penye mshikio alishona mraba, akapitisha mistari miwili iliyopishana katikati yake, akarudia mara tatu. Ungeweza kubebea jiwe la kusagia na mshikio usilalamike. Mmoja akabaki nao mwenyewe. Mitano akawagawia majirani. Wa saba, uliokuwa peke yake na kijifuko cha ndani cha kuwekea funguo, akaupeleka kwa mkwe wake, mke wa mwanawe.

Huo ndio uliokuwa mkoba wenye maana. Yeye na mkwe wake hawakuwa wamekaa chumba kimoja kwa miezi minne. Chanzo kilikuwa pazia. Mkwe alijishonea pazia kwa mkono, Mama Mkasi akaenda kumtembelea, akauona mshono umepinda, na mkwe alipokwenda kuteka maji, akalifumua lote na kulishona upya. Hakuombwa. Akaongeza kwamba mshono ule wa kwanza ungefaa kufungia magunia. Mkwe akaacha tu kuja, na mjukuu akaacha kuja pamoja naye, akaanza kukaa na kuota meno mbali na macho ya bibi yake. Mwanawe, dereva wa malori, alikuwa nyumbani siku mbili kwa mwezi, na siku hizo mbili alizitumia kulala ili asiulizwe yuko upande gani.

Mkoba ulikuwa wa kuomba msamaha bila kuutamka. Mkwe aliupokea, akaugeuzageuza, akaingiza vidole kwenye kile kijifuko, akasema, "Asante, mama. Mzuri." Mama Mkasi alirudi nyumbani akiwa mwepesi, miguu haigusi chini.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja alikuwa sokoni akichagua vitunguu, bwana shamba akasimama kando yake, akawa hatazami vitunguu, anatazama mkoba.

"Mama, huu umeupata wapi?"

"Umeupenda? Nitakushonea na wewe. Wako nitautia kifuniko, usije ukamwaga siri za serikali njiani."

Bwana shamba hakucheka. Akaufungua mdomo wa mkoba, akasoma yale maandishi ya ndani, midomo ikimchezacheza.

"Hili ni gunia la mbegu zilizotiwa dawa."

"Si vizuri? Zilikuwa zinaumwa?"

"Dawa ya kuua wadudu, mama. Sumu. Mahindi yenyewe hayana rangi hii. Pinki hii inatiwa makusudi, ili mtu akiona mbegu ajue hizi haziliwi."

Mama Mkasi akautazama ule urembo wake uliomlalia pajani. Akaunyanyua mbali na nguo yake.

"Ni huu peke yake?" bwana shamba akauliza.

"Huu tu," akajibu, na uongo ukatoka haraka kuliko pumzi.

"Basi usiuchome, moshi wake mbaya. Usiufukie karibu na maji. Ufunge kwenye plastiki, niletee ofisini. Na unawe kwa sabuni."

"Na mtu aliyeushika tu?"

"Mtu mzima akinawa, sina hofu naye sana. Ninachoogopa ni kitu kuingia mdomoni. Hasa watoto wadogo, wale wa kulamba kila kitu."

Vitunguu akaviacha palepale. Njia nzima alikuwa akipanga la kusema, na kila alichopanga kilikuwa cha uongo. Angewaambiaje watu kwamba amewagawia sumu kwa mikono yake, tena huku akisubiri kusifiwa? Nani angempelekea nguo tena? Na mkwe, mwanamke ambaye tayari aliamini hapendwi, akiambiwa zawadi pekee aliyowahi kupewa na mama mkwe wake ni gunia la sumu, angeamini vipi kwamba ni bahati mbaya?

Akaanza na jirani wa mlango wa tatu, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Nipe ule mkoba. Uzi niliotumia ni mbovu, nataka kuushona upya."

"Uzi wako wewe? Mbovu?" Redio akashika kiuno. "Mama Mkasi, una homa?"

"Nipe mkoba, mwanamke. Na viazi ulivyobebea uvioshe vizuri, unawe na mikono. Kuna ugonjwa wa tumbo umeingia."

"Ugonjwa gani?"

"Mbaya."

Fundi kama yeye kusema uzi wake mbovu ilikuwa sawa na kujivua nguo barabarani, lakini maneno yalifanya kazi. Muuza mikate akatoa mkoba wake. Kinyozi akatoa. Alipofika kwa mwalimu mstaafu, ugonjwa wa tumbo ulikuwa umeshamtangulia, umepata jina na wagonjwa watatu, mmoja wao akiwa mahututi, yote kwa hisani ya Redio. Mwalimu alimpa mkoba kupitia dirishani kwa ncha ya fimbo. Wa tano alikuwa nao mke wa fundi baiskeli, aliyeuosha kwanza kwenye ndoo ndipo akampa. Mtaa mzima ulikuwa unanawa. Siku nyingine Mama Mkasi angecheka mpaka akae chini.

Ikabaki nyumba moja.

Mkwe alikuwa barazani anakunja nguo. Mtoto alikaa kwenye mkeka, mashavu mekundu, kifua cha fulana kimelowa udenda, na mkoba ulikuwa umelala mbele yake ukiwa na njuga na kijiko.

"Karibu, mama."

"Sikai, mwanangu. Nimefuata mkoba. Mshono wake... nimeona nilikosea. Nataka niurudie."

Mkwe akaacha kukunja. "Ulikosea mshono? Wewe?"

"Mimi."

Mkwe akaanza kucheka, kicheko cha kweli kilichomtikisa mabega. "Laiti mume wangu angekuwepo asikie. Mama Mkasi amekosea mshono! Leo nikifa, nimeshiba." Akamwaga njuga na kijiko mkekani, akampa mkoba kwa mikono miwili. "Lakini uurudishe haraka, nimeuzoea. Na mtoto kauzoea kuliko mimi. Keshokutwa nitakuletea ushinde naye."

Miezi minne alikuwa akiyasubiri maneno hayo. "Mnawishe," akasema. "Mnawishe vizuri."

"Najua, mama. Nimesikia habari za wale watu watatu."

Akaondoka na mikoba sita, wake ukiwemo, kwenye mfuko mmoja mkubwa wa plastiki, na ule wa saba alikuwa bado ameushika mkononi. Alifika kona ya duka la viatu. Yote ilikuwa mkononi mwake. Hakuna aliyejua, hakuna ambaye angejua. Keshokutwa mjukuu angeletwa. Angeshona mkoba mwingine wa kitambaa safi, wenye vijifuko hata viwili, na mambo yangeishia hapo.

Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Akafumbua mkono. Mshikio mmoja ulikuwa mkavu, umekolea waridi. Wa pili ulikuwa umelowa, kitambaa kimefanya manyoya, na sehemu ya urefu wa vidole vinne ilikuwa imepauka, karibu nyeupe. Mara mbili aliyafua magunia yale kwa sabuni na rangi ikakataa kutoka. Mtoto mwenye meno mawili alikuwa ameitoa kwa kufyonza.

Akasimama pale. Muuza viatu akamsalimu, hakuitikia. Akajiambia mtoto amecheza vizuri tu. Akajiambia mashavu mekundu ni ya meno, na udenda ni wa meno. Akajiambia kwamba kama kuna lolote angeliona keshokutwa. Muuza viatu akamuuliza anatafuta saizi gani. Ndipo akageuka, na waliomwona wanasema mwanamke yule wa miaka sitini na kitu alikimbia hadi kandambili moja ikabaki barabarani na haijulikani iliko mpaka leo.

"Vaa viatu," akamwambia mkwe wake mlangoni. "Tunakwenda zahanati. Mkoba ule ni gunia la sumu. Sikujua nilipokupa. Nilipokuja kuuchukua nilikuwa nimeshajua."

Kicheko kilikuwa bado kwenye uso wa mkwe. Kilichukua muda kuondoka, na Mama Mkasi alilazimika kukitazama mpaka kikaisha. Kisha mkwe akamnyanyua mtoto, akapita bila kumgusa.

Nesi alimvua mtoto fulana, akamwosha mwili mzima, akammulika macho, akahesabu pumzi huku akitazama saa. Aliuliza kama ametapika. Aliuliza anafyonza mkoba tangu lini.

"Kama siku kumi," mkwe akasema.

"Na udenda huu, ni wa meno au umeanza juzi juzi?"

Wanawake wawili wakatazamana. Mmoja hakuwapo, na mwingine alidhani ni meno.

"Sioni dalili ya kunitisha," nesi akasema hatimaye. "Lakini simruhusu. Mtakaa hapa mpaka jioni, nimpime kila nusu saa. Akilegea, akitetemeka, au mkiona hanyonyi, mniite."

Wakakaa kwenye benchi, mtoto katika kifua cha mama yake. Mama Mkasi alinyoosha mikono, akairudisha mwenyewe kabla hajakataliwa. Nesi alikuja, akapima, akaondoka. Akaja tena.

"Mama," mkwe akasema, akitazama ukuta. "Ulifika mpaka wapi ndipo ukarudi?"

"Kwenye duka la viatu."

"Ulisimama hapo?"

"Nilisimama."

"Kwa muda gani?"

Majibu matatu yalimjia Mama Mkasi kwa mpigo, yote mazuri, yote ya kusaidia. Aliyaacha yapite.

"Muda mrefu kuliko ninavyotaka ujue."

Mkwe aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa namba aliyokuwa akiihesabu mwenyewe. Mtoto akakohoa, wote wawili wakaruka. Kilikuwa kikohozi tu. Akajipangusa pua kwenye bega la mama yake, akashika titi, akaanza kunyonya, na wakabaki wanasikiliza kila funda.

"Kesho utawaambia wote ukweli," mkwe akasema. "Mlango kwa mlango. Nitafuatana na wewe nisikie."

"Sawa, mwanangu."

"Usiniite hivyo leo."

Nesi akaingia na saa yake. Mama Mkasi akasogea mwisho wa benchi kumpisha, akabaki hukohuko.