Toronto hadi Mwaya, Usingizi Mmoja

Mwaka mzima mama yao alipokuwa kitandani pale Mwaya, kisingizio cha Hezroni kilikuwa kilomita. "Elfu kumi na mbili na ushee, Tuli," alimwambia mdogo wake kwenye simu kutoka Toronto. "Siyo kwenda hapo Lyulilo sokoni kununua vyungu. Safari inakula siku tatu, ukishuka huna hata nguvu ya kumsalimia mgonjwa." Tulinagwe alirudi chumbani akayafikisha maneno hayo taratibu, na mama, aliyebaki mifupa mitupu, akasema basi mtoto asisumbuliwe. Kesho yake akamuulizia tena.

Alikata roho akimwita. Tulinagwe, aliyekuwa akimgeuza na kumwogesha peke yake, ndiye aliyemfumba macho. Alimchukia kaka yake siku ile.

Sasa Hezroni alikuwa akilia simuni, mama asizikwe kabla hajafika. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa mwanzo kaburini. Asipoutupa, tangu siku hiyo anahesabiwa mgeni katika nyumba ile. Mjomba Ezra, kaka wa marehemu, alikwishaamua. "Tumsubiri," alisema. "Kwao huko ni mbali mno, sote tumesikia."

Tulinagwe hakubisha. Alipiga simu, akaiweka katikati ya wanaume waliokaa migombani, akafungua spika. Sauti yake ilikuwa laini ajabu.

"Kaka, wazee wanauliza utachukua muda gani."

Hezroni hakujua nani anasikiliza. Alichoogopa ni jeneza kuondoka bila yeye, akakimbilia kumtoa dada yake wasiwasi. "Ah, siku hizi ni karibu tu! Napanda leo jioni, keshokutwa asubuhi niko uwanja wa ndege wa Songwe, mchana nipo nyumbani. Usingizi mmoja, mdogo wangu. Unalala, unaamka, umefika."

"Njoo, kaka. Ndaga," Tulinagwe alimshukuru, akakata simu.

Mjomba Ezra aliitazama ile simu. "Usingizi mmoja," alisema. "Na dada yangu amemwita mwaka mzima." Akawageukia vijana. "Chukueni majembe. Tunazika kesho."

Hezroni hakuambiwa. Alipokuwa huko juu mawinguni, simu imezimwa, Tulinagwe alijaza kiganja chake udongo akautupa wa kwanza. Utamu uliompanda moyoni ulimtisha, lakini hakuukataa.

Hezroni alishuka kwenye gari na suti yake nyeusi, akakimbilia nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limekwisha kusakafiwa, saruji mbichi bado. Akainama, akachota udongo pembeni, akasimama nao mkononi akitafuta pa kuutupa. Alipowatazama watu, kila mmoja aliangalia chini.

Tulinagwe alitoka jikoni na jagi na beseni, akapiga magoti mbele yake kwa adabu zote.

"Nawa mikono, mgeni. Chakula kipo tayari."