Sentimita Sitini na Mbili

Alhamisi, tarehe tisa Aprili. Asubuhi hiyo mjini hapakuwa na tone la mvua wala upepo wa kutikisa nguo kwenye kamba, lakini huko juu vilimani mbingu ilikuwa nyeusi tii.

Msoma kipimo alifika mtoni saa kumi na mbili na nusu. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo: kutazama maji yamefika alama gani kwenye ubao uliosimamishwa ukingoni, kuandika daftarini, na kila Jumatatu kujaza chupa moja ya kupeleka maabara. Mtaa mzima ulimwita Sentimita, hata mkewe, naye alilipenda jina hilo.

"Sentimita! Mto umeamkaje?" muuza mitumba alimtupia salamu kutoka darajani.

"Umeamka na mafua."

Alijibu hivyo, ila hakucheka. Maji yalikuwa na rangi ya kutu, yamejaa povu, yananuka mafuta machafu ya gereji. Alisoma mita moja na arobaini. Jana yake ilikuwa themanini tu. Mto ulikuwa unapanda kwa haraka ambayo hakuwahi kuiona.

Kando yake mpima ardhi alikuwa keshasimamisha darubini yake ya miguu mitatu. Alikuwa binti wa ofisi ya mipango. Saa nne siku hiyo mpango wa bonde ungetiwa saini ukumbini, mbele ya wananchi, naye alitumwa kuhakikisha kuwa ubao uko kwenye kimo chake. Alichungulia, akaandika, akachungulia tena.

"Mzee wangu, huu ubao uliwahi kuhamishwa?"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sifuri yake iko juu kuliko ilivyo kwenye kumbukumbu. Sentimita sitini na mbili. Ikiwa ni kweli, kila ulichoandika kimepungua kiasi hicho."

Sentimita aliutazama ubao. Miaka minne nyuma gogo lilivunja ubao wa zamani. Alipeleka taarifa ofisini mara mbili, hakuna aliyekuja. Basi akachanganya saruji, akasimamisha mpya kwa mikono yake. Tope lilikuwa limeinua sakafu ya mto, naye akaiweka sifuri juu ya tope, akiamini kuwa kipimo huanzia pale maji yanapoanzia. Aliona fahari kwa kazi ile. Hakuna aliyemwambia kwamba sifuri haihami hata mto ukijaa tope.

"Haukuhamishwa," alisema. Neno lilimtoka kabla hajalitafuna.

Binti akacheka kwa kujilaumu. "Basi ni darubini yangu. Juzi niliiangusha. Kati yako na hili dude, nakuamini wewe." Akaandika kwenye fomu yake: sawa.

Sentimita alizunguka nyuma ya ukumbi wa mikutano, akaegemea ukuta, akafumba macho. Alizoea kusali kila asubuhi, na maneno hayakuwa yakimpa shida. "Mungu wangu, nipitishe leo tu," alianza, kisha akanyamaza, kwani alijua anachoomba ni kufichwa. Alibaki hapo hadi aliposikia viti vikiburutwa ndani.

Ukumbi ulikuwa juu kidogo ya mto, milango wazi. Binti wa Sentimita, kitinda mimba wake, alikuwa ameketi mstari wa pili, mtoto mgongoni. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya tuta linalozuia mto.

Mhandisi mkuu alibandika ramani ukutani. "Hiki hapa juu ni kinamasi. Mvua ikinyesha vilimani, kinameza maji, kinayachuja uchafu, kisha kinatuachia kidogo kidogo. Lakini daftari linatuambia kwamba kwa miaka minne mto haujazidi mita mbili na themanini. Tuta letu ni mita tatu na nusu. Nafasi tunayo! Kinamasi tunaweza kukifukia, tukajenga stendi." Watu wakapiga makofi. "Na tumshukuru mzee wetu Sentimita. Mpango huu wote umesimama juu ya namba zake."

Sentimita alijumlisha kichwani. Mbili na themanini, ongeza sitini na mbili: tatu na arobaini na mbili. Zilikuwa zimebaki sentimita nane. Na hapo kinamasi kilikuwa bado kinameza.

Mhandisi alichukua kalamu.

"Subirini," Sentimita akasema, akasimama.

"Kaa, babu, maswali yameisha!" mtu akamtania kutoka nyuma, watu wakacheka.

Alijikaza kisabuni, akawaeleza yote: gogo, saruji, tope. Alipotaja sitini na mbili kicheko kilikatika.

"Lakini uliniambia haukuhamishwa," mpima ardhi alisema.

"Nilikudanganya, mwanangu. Darubini yako ni nzima."

"Miaka minne unatupimia uongo!" muuza mitumba akafoka. "Na tunakuamkia kila siku!"

Binti wa Sentimita hakupaza sauti. "Baba, mwaka jana nilikuambia maji yamekaribia ukingo wa tuta. Ukaniambia ni woga wangu, daftari halisemi hivyo."

Sentimita aliinamisha kichwa.

Mhandisi aliweka kalamu chini. "Hakuna saini leo," alisema. "Kinamasi hakiguswi." Watu wakaanza kushusha pumzi. Ila mkandarasi, aliyeketi mstari wa mbele na kofia mapajani, alikuwa amekwisha kubadilika sura.

"Sema," mhandisi akamwambia.

"Malori yalianza kumwaga udongo kinamasini juzi. Tulijua saini ni ya kukamilisha tu." Aliikunja kofia yake. "Zaidi ya nusu imeshafukiwa."

Mpima ardhi alitoka mbio mlangoni, akatazama chini ukingoni, akageuka. "Ubao unasema mbili na kumi!"

Kila aliyekuwamo alijumlisha mwenyewe, midomo ikichezacheza. Mita mbili na sabini na mbili, na mvua ya vilimani ilikuwa bado iko njiani.

Mhandisi aliagiza mashine ziende kufukua udongo, na wa chini ya tuta waanze kuhamisha watoto. "Na mtoni nani atakaa?" aliuliza. "Tunahitaji namba za kweli."

"Si huyu!" wengi wakajibu kwa pamoja.

"Huyu huyu," binti yake akasema. Alikuwa amesimama, anakaza kanga ya mtoto. "Hakuna anayeujua mto ule kama yeye. Ila aahidi kwanza, hapa hapa, sote tukisikia."

Sentimita alivua kofia. Alitazama nyuso zile moja moja, za watu aliowajua tangu hawajaota meno.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema, "sitaondoka ukingoni mpaka mto ushuke. Kila robo saa nitaita namba kwa sauti, nikiwa nimeongeza sitini na mbili, na binti huyu wa darubini atasoma kando yangu. Nikikosea nitasema nimekosea, saa ile ile. Maji yakifika mita tatu nitawaambia mkimbie, na mimi nitakuwa mtu wa mwisho kutoka bondeni."