Waliofika Leo

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema nisije nikamsingizia mtu. Kampuni yetu ya intaneti ilileta mkataba mpya wenye kurasa kumi na nne za herufi ndogo, nami nikawapigia simu kuuliza, kwa adabu zote, kama nyumbani tunaruhusiwa kuwa na seva, yaani kompyuta ambayo watu wa nje huifikia kwa intaneti. Hakuna mwenye akili timamu anayeuliza swali kama hilo. Lakini mimi nimelelewa na mtu ambaye hakanyagi nyasi za ofisi ya watu bila kumtafuta wa kumwomba ruhusa, na tabia hiyo imeniingia kwenye damu. Dada wa upande wa pili akaomba namba ya mkataba, nikampa. Akaniacha nasikiliza muziki dakika kumi na moja. Aliporudi akasema hairuhusiwi, akanishukuru kwa kuwajulisha, na kufikia mchana walikuwa wameshaizuia. Nilijichongea mwenyewe, tena kwa kinywa changu.

Hiyo seva ni kompyuta kuukuu ya baba. Inakaa stoo juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya pasi mbovu na mabegi ya nguo. Baba alifanya kazi kituo cha hali ya hewa miaka thelathini na mmoja, akipima mvua. Wenzake walimwita Milimita, na jina likamfuata hadi nyumbani. Alipostaafu alisimika kipima mvua chake uani, na kila siku, saa tatu kamili asubuhi, anakwenda kukisoma, mvua iwe imenyesha au haikunyesha. "Sifuri nayo huandikwa," ndivyo anavyosema. Kisha anaketi na kuandika kwenye ukurasa wake wa intaneti, ulio ndani ya seva hiyo: kipimo cha siku, na mstari mmoja au miwili ya mambo ya nyumbani. Chini kabisa kompyuta inahesabu yenyewe: Waliofika leo.

Ukurasa aliutengeneza kwa ajili ya kaka zangu wawili wanaoishi mbali. Aliwatumia anwani. Mkubwa akajibu kwa alama ya kidole gumba, mdogo hakujibu kabisa. Basi nikawa naufungua mimi, kazini, saa nne wakati wa chai, maana nilimwonea huruma asije akajikuta peke yake kwenye hesabu. Yeye akiufungua ni mmoja, mimi ni wa pili. Wawili kila siku ya kazi, mwaka wa tatu sasa. Na nilikuwa na hakika anaamini huyo wa pili ni mmoja wa wanawe wa kiume.

Nilishamshauri zamani auhamishie ukurasa kwenye mashine za kampuni kubwa huko, bure, bila kelele ya feni stoo. Akanitazama kama niliyemwambia auze figo. Daftari lake, alisema, halilali kwa watu.

Sasa, simu na kompyuta nyingine za nyumbani hutoka nje kuchukua vitu na kurudi. Seva hukaa ndani, ikingoja watu waje kubisha hodi. Kampuni ilikuwa imeziba mlango. Na hapa ndipo shetani alipopata upenyo: ukiwa ndani ya nyumba, ukurasa unafunguka vilevile. Baba angeandika, angeona alichoandika, asijue kitu. Nami sikumwambia.

Nilitafuta kampuni nyingine, Mungu ni shahidi yangu. Ya kwanza, kijana wa mauzo alisema inawezekana dada, kila kitu kinawezekana. Nikamuuliza kama anajua seva ni nini, akasema ataniletea mbili. Kwenye mkataba wao, ukurasa wa tisa, seva ya aina yoyote ni marufuku. Ya pili walisema sawa, ila nilete leseni ya biashara. Nikawaeleza kwamba baba anapima mvua. Wakauliza anaiuzaje. Ya tatu walisema wanalifanyia kazi, na hapo nikakata simu, kwa sababu mimi nalipwa kuwaambia watu maneno hayohayo. Nashinda idara ya maji nikipokea malalamiko; najua "tunalifanyia kazi" ina uzito gani. Haina hata wa unyoya.

Nikachoka. Sitafuti huruma, nasema ilivyokuwa. Ukitoka kazini na matusi ya watu wasio na maji tangu Jumanne, miguu imejaa, ukifika kuna vyombo, kuna dawa za baba za presha, kuna gesi imekwisha, huna nguvu ya kugombana na wauza intaneti kwa ajili ya ukurasa ambao hausomwi na mtu ila wewe. Nikaona acha tu. Ningeweza kuufungua jioni nikiwa nyumbani, ni kweli. Lakini nisome habari za mtu aliyeketi sebuleni mbele yangu? Ana kwa ana baba ni mtu wa maneno matatu: umerudi, umekula, lala. Yalinitosha.

Zikapita siku. Baba akapungua. Sijui niliseme vipi vingine. Alikula nusu sahani, akawa anaacha redio ikiongea peke yake. Nikampima presha, iko sawa. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Jumamosi ya pili nilikuwa nafua uani, ikafika saa tatu, ikapita. Kipima mvua kilikuwa pale mbele yangu, kimejaa maji ya usiku, na hakuna aliyekuja kukisoma. Nikafuta povu mikononi nikaingia ndani.

Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mikono magotini. Nikamwambia saa tatu imepita. Akasema anajua.

"Mbona huandiki, baba?"

"Tulikuwa wawili," akasema. "Mimi asubuhi, na wewe saa nne, saa yako ya chai; kompyuta huandika na saa. Sasa siku ya kumi na mbili niko peke yangu. Nikajua umechoka na mimi."

Nilikaa chini palepale sakafuni, na nguo zangu za kufulia zimelowa. Alikuwa anajua. Miaka yote mitatu nilijiona namfanyia hisani ya siri, kumbe mzee alikuwa ananisubiri. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kumtazama. Nikamweleza yote: simu niliyopiga, mlango uliozibwa, kampuni tatu, na kwamba ndani ya nyumba ukurasa ungefunguka milele asijue. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama anavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa.

"Kwa hiyo hukuchoka."

"Nimechoka, baba. Kukusoma ndiko sikuchoka. Ulizibwa mlango, na mimi nikauacha hivyohivyo."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema ni vizuri kwamba niliomba ruhusa kwanza. Nilitaka kucheka, machozi yakawahi.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwa kampuni ndogo iliyo juu ya duka la matairi, ambayo nilikuwa nimeipuuza kwa sababu haina hata bango. Fundi wao, mama mmoja mwenye penseli kwenye nywele, ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza seva inafanya nini. Nikamwambia. Akasema kwao hairuhusiwi kutuma barua za utapeli, mengine ni yako, na akanionyesha mahali ilipoandikwa. Ni ghali kidogo, na mwendo wake ni wa kobe. Kwenye fomu palikuwa na swali la wageni wangapi wanatarajiwa kwa siku. Nikaandika: wawili. Akasoma, akanitazama, akagonga muhuri.

Walituunganisha Alhamisi. Ijumaa saa nne, wakati wa chai, nikaufungua. Kipimo cha siku hiyo kilikuwa milimita 3.1, na neno moja, "Karibu." Nikashuka chini kwenye zile siku ambazo sikuwepo.

"0.0. Binti amesahau mwavuli. Hautahitajika. Waliofika leo: 1."

"12.6. Amerudi miguu imevimba. Nimemwambia alale, nilitaka kusema kingine. Waliofika leo: 1."

"0.0. Nimeenda dukani kumnunulia dawa ya kuchua miguu. Nimeiweka bafuni, rafu ya juu, mkono wa kulia. Waliofika leo: 1."

"0.4. Dawa bado haijafunguliwa. Waliofika leo: 1."

Sikuwa nimeiona. Siku zote hizo nilioga chini ya rafu ile. Simu ya mezani ikaanza kulia, mtu na maji yake, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikaiacha ilie mpaka nimalize kusoma.