Sentimita Sabini

Jumanne moja ya Desemba 1993, Twagirayezu, konseye, yaani diwani, wa sekta moja hapa Kigali, aliazima utepe wa kupimia nguo kwa Générose, fundi cherehani. Mji ulikuwa umeahidiwa kuondolewa silaha, na kamati yake ilikuwa ikibishana tangu asubuhi ni silaha za aina gani. Mmoja alitaka zipigwe marufuku zenye kelele, mwingine zile nyeusi tu. Mwishowe wakaafikiana: bunduki yoyote inayozidi sentimita sabini ni haramu. Kamati ni kamati bwana, lazima itoke na namba.

Générose aliutoa utepe kwa moyo mkunjufu. Jirani yake Mutsinzi alikuwa na bunduki ya sentimita themanini na saba, na alikwisha kumwambia mara mbili, kwa upole kabisa, kwamba siku ikifika ataanza na yeye. Mama huyu alitaka bunduki ile iondoke. Hakuwa na ombi jingine.

Ijumaa konseye na kamati yake walikwenda kwa Mutsinzi. Akaleta pombe ya ndizi, akaionja kwanza mwenyewe, kama heshima inavyotaka, ili wageni wajue hawatauawa. Ndipo wakapima. Sitini na tisa.

"Imepungua," konseye akasema.

"Imesikia tangazo," Mutsinzi akajibu. "Iko na adabu sana."

Konseye akaandika sitini na tisa, akagonga muhuri. Générose hakushangaa, maana hata pamba husinyaa ikifuliwa. Alikasirika tu, akakasirika kwelikweli. Kila Jumatatu alikwenda ofisini kupiga meza, mpaka kamati ikashusha kiwango kuwa hamsini. Bunduki ikawa arobaini na tisa. Wakashusha kuwa thelathini, ikawa ishirini na tisa. Kufikia Februari ilikuwa na urefu wa kidole, na mke wa Mutsinzi aliiweka kabatini pamoja na vijiko.

Risasi hazikupungua, kwa sababu hakuna aliyezitaja kwenye tangazo. Mutsinzi aliijaribu uani, likatokea tundu ukutani la kupitisha kuku. Kuku akapita. Konseye alilipima tundu hilo kwa uangalifu, akakuta hakuna kiwango kilichowekwa cha matundu.

"Yewe, acheni bunduki!" Générose akafoka. "Pimeni huyu mwenyewe!"

"Mama, tuliza roho," konseye akasema. "Utepe iko ya silaha. Mutsinzi iko raia."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alikumbusha kwamba hata hivyo Mutsinzi hapungui wala haongezeki, kwa hiyo kumpima ni kupoteza karatasi.

Mwezi Machi cheti kilibandikwa mlangoni pa ofisi: sekta haina silaha haramu hata moja. Générose alikisoma mara mbili, akarudi kwenye cherehani yake. Mutsinzi alikuwa akimngoja pale na suruali mkononi. Alitaka mfuko mdogo upande wa kulia, wa kuingia kidole.

Alimshonea. Angefanyaje, na mwenyewe amesimama mlangoni? Mutsinzi akaujaribu, akasifu mshono, kisha akaomba na kifungo pia, kikazwe vizuri. Isije ikamponyoka barabarani, alisema, ikaumiza mtu asiyehusika.