Mhandisi Aliyeongoza Msafara

Kwa miaka miwili Wumpini alipigania njia ya baiskeli pale Tamale, mji wa kaskazini mwa Ghana. Aliichora mwenyewe, akaipima kwa hatua zake, akagombana na wakubwa mpaka wakakubali itengwe na magari kwa ukingo wa zege. Jambo moja hakumwambia mtu: hakujua kuendesha baiskeli.

Asubuhi ya uzinduzi, mkurugenzi wa mradi akamkabidhi baiskeli mpya iliyofungwa maua. "Mhandisi, tangulia. Hawa wote wanakufuata wewe."

Watu kama mia mbili walikuwa wamejipanga na baiskeli zao. Wumpini akamsogelea Mama Sanatu, muuza mafuta ya shea, ambaye hupanda baiskeli kila siku na beseni nyuma.

"Mama, nimekwama. Sijui kuendesha."

Mama Sanatu akamtazama. "Hii ya maua?"

"Yoyote."

"Na njia umechora?"

"Nimechora."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakaza kitambaa chake kiunoni. "Panda, mwanangu. Tazama mbele, gurudumu liache lenyewe. Mimi nimekushikia kiti."

Utepe ukakatwa. Wumpini akakanyaga. Baiskeli ikaenda kushoto, ikarudi kulia, ikayumba tena, Mama akikimbia kando na ndala mkononi. Walio nyuma wakadhani ndio mtindo wa siku hiyo, nao wakaanza kuyumba. Watu mia mbili, wazee kwa wanafunzi, wakipinda kushoto na kulia kama nyoka mmoja mrefu, kengele zikilia.

"Mama, umeshika?"

"Niliachia pale kwa fundi cherehani," sauti ikajibu kutoka mbali.

Wumpini akapiga ukelele, halafu akagundua kwamba haanguki. Kicheko kikamtoka, upepo ukampokonya kilemba, akaachana nacho. Mbele likatokea turubai la wageni na hotuba zao. Alipaswa kusimama hapo, lakini breki hakufundishwa. Akawapita wageni akiwapungia mkono, na nyoka mzima akampita mkurugenzi, aliyekuwa ametangulia hapo kwa gari, mpaka naye akapandisha joho lake, akaazima baiskeli, akafuata.

Njia iliishia kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Wumpini akaliingia mzima mzima.

Mama Sanatu akafika juu ya kibebeo cha baiskeli ya mtu, akihema. "Breki nilisahau."

"Utanifundisha baadaye," Wumpini akasema, mchanga mdomoni, akiinua baiskeli. "Nigeuzie, turudi tena."